Chipu Halisi, Jina la Uongo

Ujumbe kwenye kioo cha kompyuta huwa ni mmoja: uhakiki umeshindikana. Nyuma yake kuna mambo matatu yasiyo na undugu wowote. Huenda wewe ndiye uliyeandika vibaya. Huenda chipu ilifungwa kufuli na mtu aliyeitumia kabla yako. Huenda chipu yenyewe siyo ile iliyotajwa mgongoni mwake. Mafundi wengi hurukia hilo la tatu kwa sababu lina mtu wa kulaumiwa, tena mtu aliye mbali, huko Shenzhen, asiyeweza kuja dukani kujitetea. Ushauri wangu ni kinyume chake: ufeki uwe jambo la mwisho kuhukumiwa, na ukishahukumiwa, hukumu iwe na ushahidi wa kupimika.

Chipu ninazozisema ni zile ndogo za mantiki ya kuandikwa: PAL16L8, GAL16V8, GAL20V8, GAL22V10, pamoja na ndugu zao wenye herufi ATF mwanzoni. Kazi yao kwenye bodi ni ya ukarani: kuamua anwani hii ni ya kumbukumbu ipi, ishara hii ipite lini, ile isubiri nini. Utazikuta kwenye vidhibiti vya mashine za viwandani za miaka ya 1980 na 1990, kwenye mashine za michezo ya sarafu, kwenye Amiga na kompyuta nyingine za enzi hizo. Chipu ya dola chache ikifa, mashine ya mamilioni inasimama. Kwa hiyo soko lake halijafa ingawa watengenezaji wengi wameshaliacha, na pengo la namna hiyo ndilo feki hulipenda.

Nasaba kwanza

Anayetaka kuitambua chipu bandia sharti aujue ukoo wa chipu halisi, maana tuhuma nyingi za ufeki huzaliwa na kutojua nani alimnunua nani. PAL ilitoka mwaka 1978 katika kampuni ya Monolithic Memories ya California, kazi ya John Birkner na H. T. Chua. Ndani yake mlikuwa na fyuzi za kweli: kuiandika ni kuziunguza, na kilichoungua hakirudi. Mwaka 1985 Lattice ya Oregon ikaleta GAL, ambayo seli zake hufutwa na kuandikwa upya kwa umeme. Kila mguu wa kutolea wa GAL una makroseli inayopangwa, ndiyo maana GAL16V8 moja iliweza kushika nafasi ya PAL za aina nyingi. Monolithic Memories iliungana na AMD mwaka 1987. AMD ikatoa PALCE, ambazo baadaye zilikwenda kwa tawi lake la Vantis, na mwaka 1999 Lattice ikainunua Vantis. Kwa upande mwingine Atmel ilitengeneza ATF16V8 na ATF22V10, kisha mwaka 2016 Microchip ikainunua Atmel.

Kwa hiyo ukiona PALCE16V8 yenye nembo ya Lattice, usipige kelele. Baada ya 1999 hilo lilikuwa jambo la kawaida. Lakini GAL16V8 yenye namba ya tarehe inayoanza na 83 ni uongo wa mchana kweupe: mwaka 1983 Lattice ndiyo kwanza ilikuwa inaanzishwa. Na kwa kuwa Lattice iliacha kutengeneza GAL za volti 5 miaka mingi iliyopita, tarehe ya juzijuzi mgongoni mwake nayo inadai maelezo.

Soma pia herufi za mwisho, maana ndizo huwaumbua wabandikaji majina. Kwenye GAL16V8D-15LP, 15 ni kasi kwa nanosekunde, L ni daraja la matumizi ya umeme, na P ni umbo la plastiki lenye safu mbili za miguu. J ni umbo la mraba la PLCC. Chipu yenye safu mbili za miguu iliyoandikwa 15LJ imejisaliti yenyewe, na hutahitaji hata kuiingiza kwenye soketi. Atmel nao wana mpangilio wao: ATF22V10C-15PU ni ya miguu ya safu mbili, JU ni ya mraba. Aliyenakili jina kutoka kwenye picha bila kuelewa herufi hizi huacha alama za vidole vyake hapo.

Anza na mikono yako

Faili la JEDEC, lile linalobeba ramani ya fyuzi za kuandikwa kwenye chipu, ni maandishi matupu. Lifungue kwa kihariri chochote. Tafuta herufi QF, ndiyo idadi ya fyuzi. GAL16V8 ina 2194. GAL22V10 ina 5892 ikiwa sehemu ya saini ya mtumiaji, nitakayoieleza chini, imo, au 5828 ikiwa haimo. Tofauti ya 64 ndiyo nafasi ya saini yenyewe. ATF22V10C huongeza moja zaidi, 5893, ya kuruhusu chipu ilazwe. Ndiyo sababu programu nyingi za kuandikia zina mistari zaidi ya mmoja kwa chipu hiyohiyo, na ndiyo sababu faili zuri kabisa hukataliwa, au hupokelewa na kuacha fyuzi ya mwisho katika hali usiyoitaka.

Fyuzi hiyo moja inastahili kutazamwa kwa karibu, maana imewapotezea watu siku nzima. Ikiwashwa, mguu wa 4 wa ATF22V10C unaacha kuwa mguu wa kawaida wa kupokelea na kuwa swichi ya usingizi: ukipanda juu, chipu inalala. Sasa fikiria bodi ambayo mguu wa 4 ni mstari wa anwani. Mashine inawaka, inaanza kazi, halafu inaganda kila inapofika eneo fulani la kumbukumbu. Uhakiki ulipita. Chipu ni halisi. Faili la mantiki ni sahihi. Ukibadilisha chipu ukaweka GAL22V10 ya zamani, mashine inakwenda, na hapo fundi anaapa kwamba ile ATF ni feki. Siyo feki. Imetii amri.

Mguu wa 11 wa GAL16V8 una kisa kinachofanana na hicho. Chipu hii ina hali tatu za kufanya kazi, na ikiandikwa katika hali ya rejista, mguu wa 1 ni wa mapigo ya saa na wa 11 ndio unaoruhusu rejista zote zitoe. Sharti ushuke chini. Ukiachwa ukining'inia, vivutio vya ndani vya GAL huupandisha juu, na miguu yote ya rejista inanyamaza. Mtu aliyezoea kuandika saketi rahisi, akaongeza rejista moja tu, anashangaa miguu iliyokuwa hai jana leo imekufa. Kikusanyaji kama WinCUPL huchagua hali hiyo chenyewe usipokitajia, bila kukugutua. Taja hali unayoitaka, au angalau soma ripoti yake.

Na miguu inayoning'inia kwa jumla? GAL22V10 huivuta juu. ATF22V10C haivuti, hushikilia hali ya mwisho iliyoiona. Bodi iliyoundwa kwa uzembe, ikategemea kwamba mguu usiounganishwa utakuwa juu, itafanya kazi kwa GAL na kusuasua kwa ATF. Hapo aliyekosea ni mchoraji wa bodi, na dawa yake ni rezista moja ya bei ya pipi.

Baada ya faili, volti. GAL huingia katika hali ya kuandikwa pale mguu wake mmoja unapopandishwa juu sana ya volti 5 za kawaida, kati ya 10 na 16 hivi kutegemea aina. Programa za USB, yaani vifaa vya kuandikia chipu, huitengeneza volti hiyo ndani yake kutoka kwenye volti 5 za kompyuta. Kebo ndefu nyembamba, au kigawanyio cha USB kilichobebeshwa vifaa vingi, huishusha. Kabla ya kumwandikia muuzaji barua ya matusi, chomeka programa moja kwa moja kwenye kompyuta kwa kebo fupi, futa miguu ya chipu kwa kifutio cha penseli, kisha jaribu tena.

Halafu angalia ni fyuzi ipi iliyoshindwa. Hii ndiyo tofauti ya fundi na mbahatishaji. Rudia mara kadhaa ukiandika namba. Namba zikiruka ovyo kila mara, tatizo ni mguso wa soketi au volti. Namba ikiwa ileile kila mara, tatizo liko ndani ya chipu: seli imechoka au imekufa. Datashiti za GAL na ATF zinaahidi mizunguko 100 ya kufuta na kuandika na miaka 20 ya kutunza data. Chipu iliyokuwa kwenye meza ya majaribio ya mtu mwingine huenda ilishazimaliza 100 zake kabla hujaiona.

Kufuli

Kila chipu ya ukoo huu ina biti ya usalama. Ikishaandikwa, yaliyomo hayasomeki tena. Chipu inafanya kazi kama kawaida lakini ukiiuliza inakaa kimya, au inajibu thamani moja mwanzo hadi mwisho. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu GAL iliyofungwa inaweza kufanana kabisa na GAL tupu. Kufuli pia hutakiwa kufungwa mwisho kabisa, baada ya uhakiki. Ikifungwa kabla, uhakiki unasoma ukimya na kutangaza kushindwa ilhali kila fyuzi imekaa mahali pake. Chungulia ndani ya faili: ukiona G1, faili lenyewe linaamuru kufuli ifungwe. Angalia pia kisanduku cha kufuli kwenye programu ya kuandikia kabla hujabofya.

Kwa GAL kufuli huondolewa kwa njia moja tu ya halali, kufuta chipu nzima. Kufuli inakwenda, na mantiki inakwenda nayo. Ukiifuta ikakataa kufutika, hilo ndilo jambo la kutiliwa shaka, kwa sababu PAL ya fyuzi za kuungua iliyobandikwa jina la GAL haifutiki milele.

Kuna kitu kimoja ambacho kufuli haikifichi: saini ya mtumiaji. Ni biti 64, yaani herufi nane, ambazo mwandishi wa kwanza aliweza kuzijaza apendavyo, na husomeka hata kufuli ikiwa imefungwa. Kwa hiyo sheria yangu kwenye meza ni kusoma kwanza na kufuta baadaye. Mrija wa GAL unaouzwa kama mpya, halafu saini inasoma namba ya toleo la bodi fulani, chipu zake zimeng'olewa kwenye bodi chakavu. Ni mtumba. Mtumba si dhambi, nusu ya mashine zetu zinaishi kwa mtumba. Dhambi ni kuuuza kwa bei ya mpya.

Vipi ukiwa na mashine ya mteja, PAL yake imefungwa, mtengenezaji alishafunga kiwanda? Kama chipu ni ya mantiki tupu isiyo na rejista, mfano PAL16L8, unaweza kuiuliza maswali yote na kuandika majibu. Ina miguu 10 ya kupokelea tu na 6 inayokwenda pande zote mbili, kwa hiyo maswali hayazidi 65,536, kazi ndogo kwa kompyuta yoyote. Ugumu uko kwenye ile miguu sita: lazima ujue wakati gani unapokea na wakati gani unatoa, usije ukaulazimisha mguu unaotoa. Chipu yenye rejista ni habari nyingine, maana jibu la sasa linategemea yaliyopita, na hali nyingine zinaweza kujificha ndani zisionekane kwenye mguu wowote. Watunzaji wa michezo ya zamani katika mradi wa MAME wamehifadhi faili nyingi za namna hii, na mradi huo una zana yake iitwayo jedutil ya kugeuza na kuangalia faili za JEDEC. Tafuta huko kabla ya kuanza kuuliza maswali elfu sitini.

Kuhusu uadilifu wa jambo hili nina msimamo mfupi. Kufungua ili utengeneze mashine iliyo mbele yako ni ufundi. Kufungua ili utoe nakala za bidhaa ya mtu aliye hai na anayeiuza ni wizi.

Macho, kisha mita, kisha kasi

Sasa tufike kwenye ufeki wenyewe. Feki za GAL mara chache ni plastiki tupu isiyo na kitu ndani. Kilicho cha kawaida zaidi ni chipu halisi yenye jina la uongo: ya nanosekunde 25 imeandikwa 7, PALCE imeitwa GAL, iliyong'olewa kwenye bodi imepakwa rangi nyeusi na kuchapwa tarehe mpya. Ripoti ya Kamati ya Majeshi ya Seneti ya Marekani ya mwaka 2012 ilikuta visa karibu 1,800 vya vipuri vya elektroniki vilivyoshukiwa kuwa bandia katika ununuzi wa kijeshi, vipuri zaidi ya milioni moja kwa jumla, na zaidi ya asilimia 70 ya vile vilivyofuatiliwa chanzo chake vilielekea China. Ikiwa ndege za kivita ziliuziwa, usijione mjinga ukiuziwa wewe.

Geuza chipu chali. Tumbo ndilo lenye ukweli, kwa sababu wachapaji hushughulika na mgongo. Chini kuna alama zilizochongwa na kalibu yenyewe: nchi, herufi za kiwanda, vishimo. Panga chipu kumi za mrija mmoja zikiwa zimelala chali. Ikiwa migongo yote ina tarehe moja na namba moja ya kundi, lakini matumbo yanasema nchi tatu tofauti na vishimo vya ukubwa mbalimbali, zimekusanywa kutoka jalalani. Kwangu hiki ndicho kipimo cha macho chenye thamani kuliko vyote, na hakihitaji hata senti. Unaponunua kwa picha, omba picha ya tumbo. Muuzaji mwenye chipu safi huituma bila maneno.

Chini ya lenzi tazama mgongo ukiulinganisha na ubavu. Plastiki ya kalibu ina chembechembe sawa pande zote. Mgongo laini kama umepigwa rangi ilhali ubavu una chembe, au mikwaruzo inayokwenda upande mmoja chini ya maandishi, ni ishara ya msasa. Kishimo cha kuonyesha mguu wa kwanza kiwe na kina kamili na sakafu safi. Kikiwa kimejaa nusu, kuna rangi. Miguu nayo: ya chipu mpya imenyooka na kutanuka kidogo kwa nje, haina michubuko kwa ndani wala matone ya solda karibu na mwili.

Asetoni ina sifa kubwa kuliko inavyostahili. Loweka pamba, sugua mgongo. Pamba ikitoka na weusi na plastiki ya chini ikaonekana na rangi nyingine, kesi imekwisha. Lakini maandishi peke yake kufutika si ushahidi, kwa sababu chipu nyingi za zamani zilichapwa kwa wino, na wino halali hufutika. Vilevile asetoni isipotoa kitu haimwachii mtuhumiwa huru. Siku hizi kuna rangi zisizoijali.

Programa nayo ina jicho lake. GAL ina safu ndogo iliyoandikwa kiwandani inayomtaja mtengenezaji: A1 ni Lattice, 8F ni National, 20 ni SGS-Thomson. Mgongo ukisema Lattice na ndani kukiwa na 8F, umeshapata jibu. Ila safu hiyo ikiwa tupu au imechafuka, usihukumu haraka. Programa mbovu zinaweza kuifuta, na zana ya wazi iitwayo Afterburner inaweza kuiandika upya.

Halafu chukua mita. Lisha chipu volti 5, unganisha miguu yote ya kupokelea chini, pima mkondo. GAL ya kawaida hunywa makumi ya miliampea hata ikiwa imekaa tu. PAL16L8 ya fyuzi inaruhusiwa kufika 180 na utaihisi kwa kidole. ATF22V10CQZ, ile ya kulala yenyewe, ikitulia inapaswa kushuka chini ya miliampea moja. Chipu iliyoandikwa QZ inayokunywa 60 ikiwa imetulia haina QZ yoyote ndani. Kipimo cha dakika mbili, na hakuna rangi wala leza inayoweza kukidanganya.

Kinachobaki ni kasi, na hapo ndipo pesa ilipo, maana tofauti ya bei kati ya 25 na 7 ndiyo iliyomtuma mtu kuchukua msasa. Uhakiki wa programa hauoni kasi hata kidogo. Chipu ya 25 iliyoitwa 7 itapita uhakiki kila siku ya Mungu, kisha itaangusha mashine mchana wa joto. Itege hivi. Andika kwenye GAL16V8 vigeuzi vitano kwa miguu ya 13 hadi 17, kila kimoja kikimlisha jirani yake na cha mwisho kikirudi kwa cha kwanza, katika ile hali, kati ya zile tatu za chipu, ambamo miguu hiyo hurudi ndani, tofauti na 12 na 19 isiyorudi. Mzunguko wa vigeuzi witiri hauwezi kutulia, utatetema. Nakili ishara kwenye mguu wa 18, uweke osiloskopu hapo ili usiulemee mzunguko wenyewe, na kapasita ya nanofaradi 100 karibu kabisa na miguu ya umeme.

Hesabu ni ya shule ya msingi: muda wa mtetemo mmoja ni mara mbili ya vigeuzi vyote kwa pamoja. Chipu ya nanosekunde 25 inatoa nanosekunde 250, yaani megahezi 4. Ya 15 inatoa karibu 6.7. Ile inayoitwa 7, ambayo kwenye datashiti ni 7.5, inatoa karibu 13.3. Namba hizo za datashiti ni za hali mbaya kabisa, joto la juu na volti ya chini, kwa hiyo mezani kwako, kwenye joto la kawaida na volti 5 kamili, chipu ya kweli sharti iende kasi zaidi ya hesabu. Ikienda polepole kuliko hesabu, ni mwongo, na hakuna utetezi. Ikienda kasi, bado si cheti. Chipu nyingi za 15 hutembea kama 10 zikiwa baridi. Ipulizie kipuliza nywele mpaka ipate joto la ndani ya kabati ya mashine, kisha tazama namba inavyoshuka.

Kuondoa plastiki kwa tindikali ili kutazama silikoni ni kazi ya maabara. Kwa chipu ya dola mbili, haifai harufu yake.

Ukienda kununua

Kama mashine haidai GAL yenyewe, nunua ATF16V8 au ATF22V10C mpya kwa wakala aliyeidhinishwa wa Microchip, uagize tano badala ya moja ili nauli isikuume. Hilo huondoa maswali karibu yote niliyoyaandika hapa juu. Kariakoo au Luthuli Avenue utapata kipuri haraka, lakini muuzaji wa kaunta mwenyewe aliletewa ndani ya mfuko na hajui zaidi yako. Mwombe akuruhusu kurudisha baada ya kupima, na akikubali, huyo ni muuzaji wa kurudiwa. GAL za Lattice nunua tu pale kasi au tabia ya miguu yake inapohitajika kweli, na uzinunue kwa kuamini kwamba ni mtumba mpaka zithibitike vinginevyo.

Na ukishaiandika chipu kwa mashine ya mteja, jaza zile herufi nane za saini kwa namba ya toleo, acha kufuli wazi, na uchapishe faili la JEDEC ulibandike ndani ya mlango wa kabati pamoja na jina la kikusanyaji ulichokitumia. Fundi atakayefungua kabati hilo mwaka 2045 atakuwa na kazi ya nusu saa tu.